Mpagazi wa Saba

Kila Jumatatu, kabla makarani hawajafika,
naiosha milango kwa limau, majivu
na kipande cha kanga iliyochoka.
Mabamba kumi na mawili ya shaba,
kimo cha watu wawili na nusu,
na mimi na kigoda changu.

Naanzia chini, kwenye mizinga ya asali,
kwa kuwa nyuki hawana makuu.
Kisha majembe, kisha tumbaku,
kisha reli inayoingia Tabora
kama mtu aliyechelewa msibani:
kwa kishindo, na anataka kiti cha mbele.

Usawa wa macho, msafara.
Wapagazi tisa, pembe begani,
mguu mmoja hewani,
mpaka leo hawajautua.
Wanane wana pua, wana makovu,
mmoja ana hata pengo la jino.
Wa saba hana uso.

Wageni hudhani amefutika.
Fundi Kapalala alimwacha hivyo makusudi.
Mimi nilikuwa nikimpelekea uji karakanani Isevya,
nikamsikia akisema, mgongo kaupa tanuri:
"Niliuliza majina ya wabebaji,
nikapewa majina ya wenye mizigo."

Shaba haikutosha. Gari la matangazo likapita sokoni:
leteni mlicho nacho.
Zikaja koki, kufuli zilizopoteza funguo,
maganda ya risasi yaliyolimwa pamoja na karanga huko Itaga,
kengele ya shule isiyo na ulimi,
sinia la mke aliyerudi kwao kabla ya arobaini.
Mama yangu, Nyamizi, akavua masango ya bibi yake,
waya uliokuja kwa miguu kutoka pwani.
Ilibidi sabuni. Ilibidi na machozi kidogo.
Fundi akapima, akaandika daftarini:
bangili, kuukuu, moja.

Yamo humo sasa. Sijui yako kwenye goti la nani.

Siku ya uzinduzi palikuwa na utepe na soda za moto.
Mgeni rasmi akapita katikati,
milango ikafungwa nyuma yake,
ufunguo ukatiwa kwenye bahasha yenye muhuri,
na sisi tangu hapo tunapita ubavuni,
kwenye kibao chenye komeo la waya.
Historia ni ya kutazamwa kutoka nje, nadhani,
umeshika namba yako ya foleni.

Machi, mvua ikanyesha siku nne.
Kibao kikavimba, kikagoma.
Ndani, hati za viwanja vya watu;
nje, watu wenyewe,
na mjane wa Sikonge aliyelala stendi
na mirathi yake kwenye mfuko wa nailoni.
Bahasha ikachanwa.

Ufunguo ukazunguka, milango haikujali.
Bawaba hazikuwahi kuonja mafuta.
Akaja muuza viazi, akaja wakili na tai yake,
vijana wa bodaboda, mlinzi, kinyozi wa ng'ambo ya barabara.
Wakapanga mabega. Sikutaka kuhesabu,
macho yalihesabu yenyewe.
Wanane.

"Mama, na wewe," akasema kinyozi,
"nafasi ni hiyo tu."
Nikainama, nikasukuma,
na shavu langu likaangukia
pale pasipo na uso.
Palikuwa na baridi. Palikuwa na harufu ya limau,
yangu mwenyewe, ya Jumatatu.

Milango ikalia kwa sauti ya chini,
kama ng'ombe anayeitwa zizini,
ikaachia.
Mjane akapita wa kwanza. Hakutazama juu.

Seremala amekiranda kibao, kinafunguka vizuri.
Shaba imerudi kufungwa.
Bosi anataka ing'ae yote sawasawa,
nami nasugua, nasugua reli, nasugua tumbaku.
Wa saba simgusi.
Wanaosubiri wameanza kumshika kabla ya kuitwa,
mmoja mmoja, kama wanaopima homa.